Safari ya pwani na marafiki: Nani ameshika deli la samaki?

Likizo za shule zinapokaribia, makundi ya WhatsApp ya marafiki huanza kuchangamka. Mmoja anatoa wazo, mwingine anamjua dereva mwenye Coaster, wa tatu anaandika orodha ya michango, na kabla wiki haijaisha familia nne zina safari ya Kilwa. Mahema yanaazimwa, mishipi ya kuvulia inanunuliwa, na watoto wanaanza kuhesabu siku.

Watalii wengi kutoka Ulaya na Marekani husafiri hivyo wakiwa na magari yenye vitanda, jiko na friji ndani yake. Kwa familia nyingi za hapa, gari ni la kukodi, vitanda ni vya nyumba ya wageni au hema, na friji ni deli la barafu lililobanwa kati ya mabegi na sufuria. Safari haipungui utamu kwa sababu hiyo. Samaki aliyevuliwa asubuhi na kuchomwa mchana ufukweni, watoto wakiwa wamekaa mkekani na wenzao, hapatikani katika hoteli nyingi za mjini.

Lakini chakula cha baharini kina masharti yake, na safari ya kundi ina udhaifu mmoja ambao safari ya familia moja haina. Nyumbani, mama au baba anajua samaki aliingia jikoni saa ngapi. Katika kundi la watu wazima wanane, kila mmoja anadhani mwenzake ameangalia barafu, mwenzake amemwangalia mtoto majini, mwenzake ameuliza huyo samaki ni wa aina gani. Hapo ndipo wengi wanapoumia, na wanaotangulia kuumia ni watoto.

Barafu kwanza, moto baadaye

Watu wengi wameamini tangu utotoni kwamba samaki akikaangwa vizuri hana madhara. Kwa vijidudu vingi imani hiyo ni kweli, kwa kuwa moto unaviua. Tatizo ni kwamba kuna sumu ambazo moto hauziondoi.

Mfano wa karibu zaidi ni samaki wa kila siku: jodari, vibua, nguru na baadhi ya dagaa. Nyama yao ina kwa wingi kirutubisho ambacho bakteria hukigeuza kuwa kemikali iitwayo histamini pale samaki anapokaa kwenye joto. Samaki akiachwa juani ndani ya mtumbwi, kwenye meza ya mnadani au kwenye buti la gari, histamini huanza kujengeka. Ikishajengeka, kukaanga hakuiondoi. Kuchemsha, kubanika, kukausha kwa moshi na hata kugandisha hakuiondoi pia. Na samaki huyo anaweza asinuke wala asibadilike rangi.

Dalili huja haraka, mara nyingi ndani ya dakika chache hadi saa moja au mbili baada ya kula. Uso na shingo huwa vyekundu au hupata joto, kichwa huuma, moyo huenda mbio, ngozi huwasha na kutoka vipele, na mdomo huhisi ukali kama wa pilipili. Wengine hutapika au kuharisha. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane, hivyo mzazi amsikilize mtoto anapolalamika kuhisi joto, kuwashwa au moyo kudunda.

Kwa kawaida hali hiyo hupungua ndani ya siku moja, na wahudumu wa afya hutumia dawa za mzio kuituliza. Lakini mtoto anayepumua kwa shida, aliyevimba midomo au ulimi, au aliyelegea, apelekwe hospitali mara moja. Hapo hakuna kusubiri maziwa wala maji ya limau yafanye kazi.

Kinga yake ni moja: ubaridi tangu mwanzo. Samaki atiwe barafu mara anaponunuliwa au kuvuliwa, na abaki baridi, chini ya nyuzi joto 5, mpaka anapowekwa jikoni. Katika joto la pwani, kanuni rahisi ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Samaki atolewe matumbo, aoshwe kwa maji safi, kisha apangwe kwa tabaka, barafu chini, katikati na juu. Maji ya barafu iliyoyeyuka yamwagwe mara kwa mara, kwa sababu samaki anayeelea kwenye maji ya vuguvugu hana tofauti na aliyeachwa nje.

Deli moja lisibebe kila kitu. Likiwa la samaki, liwe la samaki. Soda, matunda na maziwa ya mtoto viwe na deli lao. Kosa ambalo watu hulifanya bila kufikiri ni kuchota barafu iliyolalia samaki na kuitia kwenye juisi. Na kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019, beba vyombo vyenye mifuniko vya kutosha kutoka nyumbani. Chupa za maji zilizogandishwa usiku wa kuamkia safari nazo husaidia: zinapoza deli, na zikiyeyuka zinanyweka.

Kununua njiani

Barabara ya kusini kutoka Dar es Salaam hupita Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri, kisha huvuka Mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya daraja hilo wasafiri walitegemea kivuko. Mashariki ya barabara, mto unapoingia baharini, ndiko iliko misitu mikubwa ya mikoko ambamo kamba hukulia. Mbele zaidi ni Somanga, ambako magari husimama na wauzaji hulisogelea dirisha wakiwa na sinia za samaki na kamba wa kukaanga.

Hakuna sababu ya kuwaogopa wauzaji hao. Wengi wao ni mafundi wa kazi yao. Anachopaswa mzazi kufanya ni kushuka kwenye gari badala ya kununulia dirishani. Aangalie karai linalochemka, achague kinachotoka kwenye mafuta wakati huo, na aache kile kilichokaa kwenye sinia tangu asubuhi kikipigwa vumbi na nzi. Chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Siku ya jua kali, nyuzi joto zinapozidi 32, muda huo unashuka hadi saa moja. Samaki wa kukaanga aliyefungwa Somanga ili aliwe usiku Kilwa Masoko ameshapitiliza muda wake.

Kwa samaki mbichi, macho yake yawe maangavu na yaliyojaa, siyo yaliyodidimia na kufifia. Mashavu yakifunuliwa yawe mekundu. Nyama ikibonyezwa irudi, isiache shimo la kidole. Harufu iwe ya bahari. Kisha uliza maswali mawili: amevuliwa lini, na alikuwa kwenye barafu? Mvuvi mwaminifu atajibu bila kukasirika.

Wakati nao una maana. Samaki wadogo kama dagaa na vibua huvuliwa sana kwa taa katika usiku wa giza la mwezi, wakaletwa nchi kavu alfajiri. Anayefika mnadani mapema anawakuta wakiwa wapya. Anayefika saa saba mchana anawakuta walewale, lakini wakiwa wamekaa juani nusu siku.

Chaza, kome na viumbe wengine wa magamba wanaochuja maji wasiliwe wabichi, hasa na watoto, wajawazito, wazee na watu wenye magonjwa ya ini au kinga dhaifu. Viumbe hao hukusanya mwilini vijidudu vilivyomo kwenye maji, vikiwamo vya kipindupindu. Waive barabara. Kamba aliyeiva hugeuka kuwa na rangi ya waridi na nyama yake huwa nyeupe isiyopenyeza mwanga. Mama mjamzito aendelee kula samaki, maana ni chakula kizuri kwake na kwa mtoto, lakini aepuke samaki wakubwa wanaokula wenzao, kama papa na sulisuli, kwa sababu hukusanya zebaki nyingi kuliko samaki wadogo.

Visivyoonjwa hata kidogo

Machi 2024, katika Kisiwa cha Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki dunia baada ya kula nyama ya kasa. Watu wengine 78 walilazwa. Mtu mzima huyo alikuwa mama wa mmoja wa watoto waliotangulia kufa. Haikuwa mara ya kwanza. Novemba 2021, hukohuko Pemba, watu saba walikufa kwa sababu hiyohiyo, akiwamo mtoto wa miaka mitatu.

Sumu inayopatikana katika nyama ya baadhi ya kasa haina dawa ya kuipoza, na kupika hakuiondoi. Kasa mmoja anaweza kuliwa bila madhara, mwingine wa aina ileile akaua, na hakuna namna ya kuwatofautisha kwa macho, harufu wala ladha. Kwa hiyo mtu anayesema "sisi tumekula miaka yote" anasema ukweli wake, lakini ukweli huo haumlindi mtoto wa leo. Watoto na wazee ndio huzidiwa zaidi. Kuna taarifa za kitabibu za watoto wachanga walioathirika kupitia maziwa ya mama aliyekula nyama hiyo. Zaidi ya hayo, kasa wanalindwa na sheria, na kuwavua au kuwauza ni kosa.

Mwingine wa kuepukwa ni bunju, yule samaki anayejijaza na kuvimba anapotishwa. Sumu yake hufa ganzi midomo na ulimi, kisha hulegeza misuli ya mwili mpaka ile ya kupumua. Nayo haina dawa ya kuipoza na haiondolewi kwa moto. Wavuvi wa pwani wanamjua na humtupa. Hatari iko kwa mgeni kutoka bara ambaye mtoto wake amemnasa kwa mshipi akafurahi na kutaka achomwe.

Kanuni ya kundi iwe fupi: samaki ambaye mwenyeji hakumtambua kwa jina hapikwi. Na mgeni akikaribishwa nyama ya baharini asiyoijua, si utovu wa adabu kuuliza ni nyama gani kabla ya kumega.

Mtu akihisi ganzi mdomoni, kizunguzungu, kutapika mfululizo au kushindwa kumeza baada ya kula, apelekwe hospitali hata kama walio karibu naye wako salama. Mabaki ya chakula yabebwe ili wahudumu wajue kilicholiwa. Kabla ya kulala siku ya kwanza, kundi lijue hospitali iko wapi. Kwa wanaofikia Kilwa Masoko, wafahamu kuwa hospitali ya wilaya ipo Kilwa Kivinje, na wawe wamekubaliana gari gani litatumika usiku.

Mtoto wa mwenzako

Kamba, kaa, ngisi na samaki ni miongoni mwa vyakula vinavyoongoza kwa kusababisha mzio. Mzazi anayejua mwanawe ana mzio wa kamba anaweza kuilinda sahani yake. Hawezi kuwalinda mashangazi na wajomba sita wenye upendo, kila mmoja akitaka kumwonjesha mtoto kidogo.

Jambo hilo lisemwe wazi kabla ya safari, mbele ya wote, na watoto wakubwa wasikie. Mafuta yaliyokaangia kamba yasikaangie chipsi za mtoto huyo. Kijiko kilichokoroga mchuzi wa kaa kisiingie kwenye wali wake. Dawa aliyoandikiwa na daktari ibebwe kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye begi lililo chini ya mahema.

Miiba ni suala jingine. Changu na tasi ni watamu lakini wana miiba ya kumchanganya mtoto mdogo. Nguru au jodari aliyekatwa vipande, akachambuliwa na mtu mzima kwa vidole, ni salama zaidi. Mwiba ukikwama kooni, desturi ya kumezesha tonge la ugali au wali mkavu iachwe. Tonge linaweza kuusukuma mwiba ndani zaidi na kuchana koo. Mtoto anayeendelea kuhisi kuchomwa, anayetoa udenda au anayeshindwa kumeza apelekwe kituo cha afya. Anayeshindwa kupumua, kukohoa au kulia amekabwa, naye anahitaji msaada wa papo hapo, akipigwa mgongoni katikati ya mabega na kusukumwa kifua au tumbo kulingana na umri wake. Ni vizuri angalau watu wazima wawili wawe wamejifunza namna ya kufanya hivyo.

Mshipi, maji na jua

Kuvua kwa mshipi humfundisha mtoto subira kuliko mawaidha. Lakini bahari ina saa zake. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika pwani hii inaweza kufikia mita tatu au zaidi. Katika siku hizo, maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na kuacha mchanga mrefu unaowavutia watoto kutembea mbali. Kufikia alasiri yamesharudi, tena kwa kasi, na mara nyingi hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma ya mtembeaji. Muulize mwenyeji: leo maji yanageuka saa ngapi? Kila mtoto awe amerudi kabla ya saa hiyo.

Viatu vivaliwe kila mnapoingia kwenye maji mafupi. Vinakinga dhidi ya matumbawe, miiba na samaki wenye sumu wanaojificha mchangani. Mtu aliyechomwa na mwiba wa taa au wa samaki mwingine atumbukize sehemu iliyochomwa kwenye maji ya moto kwa kadiri anavyoweza kuvumilia, dakika 30 hadi 90. Maji yajaribiwe kwanza na mtu mzima kwa mkono wake mzima, ili mtoto asiungue. Kisha aende hospitali, kwa sababu kipande cha mwiba kinaweza kubaki na huenda akahitaji chanjo ya pepopunda. Ndoana iliyozama kwenye nyama isivutwe kwa nguvu. Kata mshipi, ikinge isitikisike, mpeleke mhudumu wa afya.

Kwa wanaovuka kwenda Kilwa Kisiwani kuona magofu yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, chombo kisichokuwa na jaketi la kuokolea maisha la saizi ya mtoto kisipandwe naye. Msimu wa kusi upepo huwa mkali na bahari huchafuka, hivyo nahodha akisema leo hatutoki, asibembelezwe.

Na gari likiegeshwa mnadani, mtoto aliyelala asiachwe ndani "dakika tano tu." Joto ndani ya gari lililofungwa juani linaweza kupanda kwa nyuzi 10 ndani ya dakika 10.

Siku ya kurudi

Siku ya mwisho ndiyo yenye makosa mengi. Watu wamechoka, barafu imeisha, na kila familia inataka samaki wa kupeleka kwa bibi na majirani. Vibua vinanunuliwa asubuhi, vinafungwa kwenye ndoo, vinatiwa kwenye buti. Kutoka Kilwa hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 300, na ukiongeza vituo vya chakula na foleni ya kuingia mjini, siku nzima imekwisha. Samaki huyo akifika kwa bibi ataoshwa kwa ndimu, atiwe chumvi na kukaangwa vizuri, na bado anaweza kumuumiza.

Anayetaka kurudi na samaki anunue barafu kwanza, samaki baadaye, na awe na hakika ya mahali pa kuongeza barafu njiani. Kama barafu haikupatikana, anunue ng'onda, yaani samaki waliokaushwa kwa chumvi na jua, kwa muuzaji anayeaminika, au arudi na nazi na mikeka.

Kila kazi iwe na mwenyewe

Kabla injini haijawashwa, kundi ligawane kazi kwa majina. Mtu mmoja ashike deli, ajue kila samaki aliingia saa ngapi na barafu imebaki kiasi gani. Mmoja ashike sanduku la huduma ya kwanza na orodha ya mzio na dawa za watoto wote. Wakati wa kuogelea, mtu mzima mmoja awaangalie watoto bila simu wala mazungumzo, na baada ya nusu saa amkabidhi mwenzake zamu kwa kutamka. Kazi hizi zisiangukie akina mama pekee kwa sababu tu zinahusu chakula na watoto, maana mama aliyepika, aliyefulia na aliyebembeleza tangu alfajiri hawezi pia kuwa mlinzi makini wa ufukwe saa tisa mchana.

Mwenye deli apewe pia mamlaka ya kutupa. Hapa ndipo urafiki hujaribiwa, kwa sababu samaki wamenunuliwa kwa mchango wa wote na hakuna anayependa kuonekana mharibifu wa mali. Mkubaliane mapema kwamba akisema samaki huyu amekaa sana kwenye joto, hakuna atakayebisha wala kudai arudishiwe fedha. Wali na maharage vitapikwa, watoto watalalamika kidogo, kisha watalala.